Hilo Ni Pangaboi

Mjomba wangu ananunua vyuma chakavu Tandika, Dar es Salaam. Uwanja wenyewe si mkubwa: ua wa mabati, mizani ya kuning'iniza kwenye boriti, daftari la kaunta lililolowa mafuta, na rundo ambalo kila nikienda limebadilika sura. Jioni vijana wanaingia na matoroli. Bati huku, nondo kule, kopa inapimwa peke yake kwa sababu ina heshima yake.

Mwezi uliopita, nikiandaa makala hii kuhusu ugaidi wa sumu, vimelea na mionzi, nilikwenda na karatasi mfukoni. Nilikuwa nimechora ile alama ya mionzi: kiduara katikati na mapanga matatu meusi yanayokizunguka, nyuma yake njano. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikaitoa.

"Mjomba, hii unaijua?"

Akaishika kwa mbali, maana miwani alikuwa ameisahau. "Hilo ni pangaboi."

Vijana wakasogea. Mmoja akasema ni feni ya rejeta ya lori. Mwingine, nadhani alitaka kunifurahisha tu, akasema ni nembo ya gari la Kichina. Nikauliza swali la pili: mtu akikuletea kitu kidogo hivi, kama kopo la maziwa, lakini kizito kuliko ukubwa wake, utafanyaje? Mjomba akanitazama kama niliyeuliza iwapo maji yanalowesha.

"Mjomba, hapa kizito ndiyo pesa."

Sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimetoka kusoma habari za Goiânia kwa mara ya tatu, na jibu lake ndilo hasa lililotolewa kule.

Goiânia ni mji wa Brazil. Mwaka 1987 kulikuwa na kliniki ya tiba ya mionzi iliyohama na kuacha nyuma mashine moja ya kutibu saratani. Jengo likabaki gofu. Tarehe 13 Septemba vijana wawili wakaingia, wakafungua kichwa cha mashine kilichokuwa na chuma na madini mengi ya risasi, wakakipakia kwenye toroli. Ndiyo, toroli. Walikuwa wanatafuta riziki kama hawa wa Tandika. Siku hiyo hiyo wakaanza kutapika. Mmoja alipokwenda kwa daktari aliambiwa ni chakula kilichomkataa.

Baada ya siku tano wakamuuzia mwenye uwanja wa vyuma chakavu, Devair Alves Ferreira. Usiku akaona kitu kile kinatoa mwanga wa buluu. Hebu jiweke mahali pake. Una uwanja wa takataka, na katikati ya kutu na masizi kuna kitu kinang'aa chenyewe gizani. Utamwita mke, utaita ndugu, utaita majirani. Ndivyo alivyofanya. Watu wakaja kutazama kwa siku kadhaa, wengine wakaondoka na punje ndogo kama za mchele kwenda kuwaonyesha wa kwao. Ndugu yake alipeleka unga wa kitu kile nyumbani kwake. Binti wa ndugu huyo, wa miaka sita, Leide das Neves Ferreira, akaucheza sakafuni, akajipaka mwilini ili naye ang'ae, akala yai la kuchemsha kwa mikono ileile.

Kilichokuwa ndani ni sesiamu-137, metali inayotoa mionzi, gramu 93 za chumvi yake. Haifiki robo kilo ya sukari.

Aliyeokoa mji hakuwa daktari wala polisi. Ni mke wa Devair, Maria Gabriela. Aliona kila aliyekuja kutazama anaumwa, akaunganisha mambo mwenyewe, akakitia kile kitu kwenye mfuko, na tarehe 28 Septemba akapanda basi la abiria kukipeleka ofisi ya afya. Kesho yake mwanafizikia akaazima kipima mionzi. Mshale ukaruka mpaka mwisho akiwa bado hajafika, akadhani kifaa kibovu, akarudi kuchukua kingine. Alipofika na cha pili, zimamoto walikuwa wameshaitwa, nao walikuwa na shauri lao: kitupwe mtoni. Akawazuia.

Hapo kwenye mto huwa nafunga kitabu nitembee kidogo. Najua wazi kwamba na mimi ningesema kitupwe mtoni.

Watu wanne walifariki, Leide na Maria Gabriela siku moja, tarehe 23 Oktoba. Wengine wawili walikuwa vijana waliofanya kazi pale uwanjani, wa miaka 22 na 18. Lakini hesabu inayonikaa kichwani si hiyo. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa kwenye uwanja wa michezo, na waliokutwa na uchafu wa mionzi ni 249. Wengine wote walikuja kwa hofu tu, na hofu ile ilikuwa ya haki. Nyumba zikabomolewa. Mazao ya jimbo zima yakakosa wanunuzi. Watu wa Goiânia walikataliwa mahotelini, ikabidi serikali itoe maelfu ya vyeti vya kuonyesha kwamba mwenye cheti hiki ni salama, mguseni. Siku ya mazishi ya Leide, jeneza la madini ya risasi lilipokuwa linashushwa, wananchi walirusha mawe kwa sababu hawakutaka azikwe kwao. Mtoto wa miaka sita.

Kwa nini naandika haya kwenye makala kuhusu ugaidi, na Goiânia hakukuwa na gaidi hata mmoja? Kwa sababu hilo linaloitwa bomu chafu, yaani baruti ya kawaida iliyochanganywa na vitu vya mionzi, halijawahi kulipuliwa na gaidi mahali popote. Mwaka 1995 wapiganaji wa Chechnya walifukia kifurushi chenye sesiamu katika bustani ya Izmailovsky, Moscow, wakawaita waandishi wa habari wakakione, yakaishia hapo. Kwa hiyo ukitaka kujua mji unakuwaje vumbi la namna hiyo likisambaa, mwalimu wako ni Goiânia. Gaidi angebadilisha kitu kimoja tu, mwanzo wake. Hayo mengine yote, wanaochungulia, wanaookota, wanaorusha mawe, yangekuwa yaleyale.

Nirudi kwenye pangaboi. Alama ile ilibuniwa Berkeley, California, mwaka 1946, na wanasayansi kwa ajili ya wanasayansi. Haisemi chochote kwa mtu asiyefundishwa. Fuvu la kichwa linasema, moto unasema, lakini hilo linasema pangaboi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilikubali hivyo, baada ya kufanya majaribio na watu wa kawaida katika nchi 11, Kenya ikiwamo. Mwaka 2007 ikatolewa alama mpya: pembetatu nyekundu, juu mapanga yanayotoa miale, chini fuvu na mifupa, pembeni mtu anakimbia. Imekusudiwa ibandikwe ndani ya mashine, karibu na chanzo chenyewe, ili anayefungua kwa patasi na nyundo akutane nayo kabla ya kufika kwenye roho ya kitu. Nimeipenda kwa sababu aliyeibuni alimfikiria mtu mwenye patasi.

Maana hapo ndipo penye jambo. Tukisikia maandalizi dhidi ya mashambulizi ya sumu, vimelea au mionzi, tunawaza watu waliovaa kama wanaanga, mahema, magari yenye ving'ora. Hao watakuja. Lakini watakuja baada ya saa moja, na katika saa hiyo atakayekuwepo ni konda, mama ntilie, mlinzi wa geti, na kijana wa toroli. Watakachofanya kwa mikono na miguu yao ndicho kitakachoamua idadi.

Tazama Tokyo. Tarehe 20 Machi 1995, saa mbili asubuhi, watu wa kundi la kidini la Aum Shinrikyo walipanda treni tano za chini ya ardhi wakiwa na mifuko ya plastiki yenye sarini, sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, imefungwa kwa magazeti. Wakaitoboa kwa ncha za miavuli wakashuka. Sasa angalia mikono na miguu. Katika treni moja abiria aliyekerwa na harufu akaupiga teke mfuko ukaangukia jukwaani, stesheni ya Kodenmacho, na pale ndipo wengi walipopatwa. Stesheni ya Kasumigaseki msaidizi wa mkuu wa stesheni aliutoa mfuko ndani ya behewa akasafisha majimaji, akafa. Alikuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa. Mfanyakazi mwaminifu akiona uchafu anapangusa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna uchafu wa kukimbiwa.

Watu zaidi ya 5,000 walitafuta matibabu, wengi kwa miguu, kwa teksi, kwa lifti za wapita njia. Hospitali ya St. Luke's peke yake ilipokea 640 siku ile, wengi wao wakiwa na madhara madogo. Wakaingizwa na nguo zao hadi ndani, hadi kwenye kanisa la hospitali, na nguo zikaendelea kutoa mvuke. Wafanyakazi zaidi ya 100 wa hospitali nao wakapata dalili. Nusura ilianza kwa simu: daktari kutoka Matsumoto, mji uliopigwa kwa sarini miezi tisa kabla, aliona dalili kwenye televisheni akawapigia wenzake wa Tokyo kuwaambia hii naijua. Huyo ni mtu aliyekuwa anatazama taarifa ya habari tu.

Na Uingereza, 2018. Baada ya jaribio la kumuua jasusi wa zamani wa Urusi huko Salisbury kwa sumu ya Novichok, miezi ikapita, watu wakaona yamekwisha. Kisha mtu mmoja wa Amesbury akawa na kichupa cha manukato kilichookotwa, akampa rafiki yake, Dawn Sturgess. Alijipulizia mkononi. Akafa tarehe 8 Julai. Baada ya hapo wakuu wa afya wakawapa wananchi agizo ambalo halihitaji shule yoyote: kama hukukiangusha wewe, usikiokote.

Sentensi hiyo ningependa iandikwe kwenye vioo vya nyuma vya daladala. Kuna mafumbo mengi mule, hilo moja halitajaza nafasi.

Ila kwetu kuokota si ujinga. Wapo wanaoishi kwa kuokota. Ukimwambia kijana wa makopo asiokote asichokiangusha, umemwambia asile. Nimelizungusha hili kichwani sijapata jibu zuri, na naona wale wanaotoa semina huliruka.

Kuchungulia nako. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa mtoto, niko kwa shangazi Msasani. Kishindo kilipopiga, vyombo vikalia kabatini. Shangazi akatoka jikoni mikono imejaa unga, akasimama mlangoni akitazama moshi upande wa ubalozi wa Marekani, na kabla hajasema neno sisi watoto tulishatoka mbio. Tulikimbia kuufuata moshi. Na si sisi tu, mtaa mzima ulikuwa unaelekea huko, wengine na ndala mkononi ili wawahi.

Nairobi asubuhi ileile ilikuwa mbaya zaidi. Walinzi wa ubalozi wa Marekani kule walipokataa kufungua kizuizi, washambuliaji walitupa guruneti na risasi zikalia. Waliokuwa kwenye maofisi ya jirani, kule makutano ya Haile Selassie na Moi, wakasogea madirishani kuona kuna nini. Ndipo lori likalipuka. Vioo vikawaingia usoni. Miji miwili ilipoteza watu 224, na Nairobi ikabaki na watu wengi waliopoteza macho kwa sababu ya kile kitendo cha kibinadamu kabisa cha kutaka kuona. Huwa najiuliza, kama moshi ule wa Msasani ungekuwa na kitu ndani yake, mtaa wetu ungetoka mtu?

Kanuni zenyewe ukizisikia ni chache hadi zinakera. Ukisikia mlipuko, achana na dirisha. Kukiwa na moshi au vumbi la mashaka, usiufuate. Usikimbie kule upepo unakoelekea, toka kwa ubavu, ukiukata upepo. Kama ni mionzi, ingia ndani ya jengo la tofali, funga, kaa. Kama ni mvuke wa sumu kama sarini au klorini, kumbuka ni mizito kuliko hewa, inatuama mabondeni na kwenye vyumba vya chini, kwa hiyo panda. Ziba pua na mdomo kwa kitambaa. Vua nguo za nje. Oga kwa maji na sabuni bila kujisugua hadi ngozi ichubuke. Piga 114 uwaambie zimamoto umeona nini, kabla hawajafika mikono mitupu.

Marekani mwaka 2003 waliambiwa wanunue gundi ya utepe na karatasi za plastiki wazibe madirisha, maduka yakaishiwa kwa siku chache na wachekeshaji wakapata kazi. Kwetu hilo halijadiliki. Nyumba yangu ina madirisha ya vioo vya kukunja ambavyo viwili havipo, matundu ya hewa juu ya kila mlango, na dari lenye uwazi ambao paka hupita. Nitaziba nini? Lakini ukuta wa tofali ni ukuta wa tofali, na kuwa chumba cha kati, mbali na vumbi lililotua juu ya bati na uani, kunasaidia hata kama paka anapita.

Pagumu ni kwenye kuvua nguo. Wataalamu hutaja kwamba kuvua nguo za nje tu kunaondoa asilimia 80 hadi 90 ya uchafu uliokupata. Hakuna dawa yenye nguvu hiyo, na haina gharama. Sasa mwambie mama aliyevaa baibui avue Kariakoo, saa sita mchana, mbele ya wapiga debe walioshika simu tayari kurekodi. Hatavua. Ataipanda daladala nayo, ataifikisha Mbagala, atamkumbatia mjukuu nayo. Vitabu vya mafunzo nilivyosoma vina michoro ya mahema mawili, la wanaume na la wanawake, yenye maji ya moto. Hema litafika lini?

Nikamuuliza mke wangu angefanyaje. Hakufikiri hata dakika. "Khanga." Akasema mwanamke gani anatoka safari bila khanga kwenye mkoba? Wanawake wanne wakishika khanga kona nne, chumba kimeshapatikana. Wa katikati anavua, anajitanda nyingine, anatoka, anaingia mwenzake. Ndivyo wanavyofanya mwenzao akishikwa na uchungu njiani. Nilikaa kimya kidogo. Nimesoma kurasa mamia kuhusu jambo hili na sijaona mahali palipoandikwa khanga. Sharti liwe ile iliyokuwa ndani ya mkoba uliofungwa, si iliyokuwa begani. Na baibui isivuliwe kwa kupitishia usoni. Mkasi au wembe, ichanwe. Nguo zilizovuliwa zifungiwe ndani ya kitu. Zamani ungesema mfuko wa rambo, lakini tangu Juni 2019 tumepigwa marufuku, basi ndoo yenye mfuniko.

Vimelea ni hadithi nyingine, kwa kuwa havina kishindo. Kimeta wafugaji wa Longido na Monduli wanakijua kabla sijazaliwa: ng'ombe kafa ghafla, damu imetoka puani na nyuma wala haigandi. Anayejua hachuni mzoga huo. Ni kimeta hichohicho ambacho mwaka 2001 mtu alikitia kwenye bahasha Marekani, watu 22 wakaugua, watano wakafa. Oktoba ile Nairobi nayo ilitangaza barua yenye kimeta, vipimo vya baadaye vikakanusha, lakini kwa wiki nzima kila aliyefungua bahasha alifungua kwa mkono mmoja.

Kinachoniuma katika habari ya Marekani si unga, ni mpangilio. Barua ilifunguliwa ofisi ya seneta tarehe 15 Oktoba, wafanyakazi wa pale wakapimwa na kupewa dawa za antibiotiki haraka. Barua hiyohiyo ilikuwa imepitia mashine za kituo cha posta cha Brentwood, Washington. Huko wafanyakazi waliambiwa hakuna hatari, bahasha imefungwa, endeleeni. Kituo kilifungwa tarehe 21. Wafanyakazi wawili wa posta, Thomas Morris na Joseph Curseen, walikufa. Walioambiwa hakuna hatari, mwaka mwingine wakiambiwa kuna hatari watasikiliza?

Nasi tunayo ya kwetu. Mwaka 2020 takwimu za korona Tanzania zilisimama kwenye wagonjwa 509 zikakaa hapo mwaka mzima na ushei, tukabaki na nyungu na minong'ono. Machi 2023 homa ya virusi vya Marburg ilipoingia Kagera ilitangazwa, wakahesabiwa wagonjwa tisa na vifo sita, waliokutana nao wakafuatiliwa, ikatangazwa kwisha. Bukoba walikuwa na hofu, lakini walikuwa na namba. Nilikuwa na rafiki kule, akaniambia kitu kilichomtuliza ni kumsikia mhudumu wa afya wa kijiji, mtu anayemjua kwa jina la mama yake, akisema mambo yaleyale yaliyosemwa redioni.

Wiki iliyopita nimerudi Tandika. Nilikuwa nimechapisha ile alama nyekundu, fuvu na mtu anayekimbia, nikaipitishia plastiki dukani kwa wapiga picha. Mjomba safari hii alikuwa na miwani. Akaitazama sana.

"Huyu anakimbia."

"Ndiyo, mjomba."

"Na hili pangaboi liko juu hapa."

"Ndilo lilelile."

Akaibandika kwenye nguzo ya mizani, chini yake akaandika kwa mkaa: HIKI HATUNUNUI. Vijana wakasogea kusoma. Nikawasimulia habari ya Goiânia, toroli na mwanga wa buluu, wakasikiliza bila kelele, na yule wa nembo ya Kichina akauliza mtoto yule alikuwa anaitwa nani. Nikamtajia.

Kisha mjomba akafunga daftari.

"Sawa, sinunui. Huyu kijana kasukuma toroli kutoka Chang'ombe, jua hili. Mimi nikimkataza, anavuka barabara, yule wa ng'ambo ananunua. Wewe uliyesoma, nani anamlipa huyu hela yake ya leo ili akiache pale alipokiona?"

Kijana mwenyewe alikuwa ananitazama, anasubiri.

"Sijui, mjomba."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mizani.